Mandewa na Elimu ya Kuitika

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa barabara kutoka Dodoma kwenda Mwanza, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 240 utaingia katika mji wa Singida. Utautambua kabla hujaambiwa. Mawe makubwa ya kijivu yamesimama kila upande, mengine yamebebana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mikono yake, mengine yameinamia paa za nyumba za watu nayo hayaanguki. Kando ya mji yametanda maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambako heroe, wale ndege wenye miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi, huja kutafuta riziki.

Mandewa ni moja ya kata za Manispaa ya Singida. Hapana hoteli ya fahari utakayoiendea huko, wala jumba la makumbusho. Ni makazi ya watu wa kazi: nyumba za bati zilizochipua baina ya miamba, maduka madogo yenye vibaraza, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria kivulini, na kuku wa kienyeji wakipekua vumbi. Hospitali ya rufaa ya mkoa imejengwa upande huo, kwa hiyo wageni hawakosi. Wengine wametoka vijijini na wagonjwa wao, wengine ni watumishi waliohamishwa kutoka mikoa ya mbali.

Kwa nini basi tukupeleke Mandewa Jumapili ya leo? Ni kwa sababu Mandewa ni mahali pazuri pa kutega sikio. Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963, ni njia panda ya lugha. Wapo Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi. Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu. Na upande wa Manyoni wapo Wagogo. Hao wote lugha zao ni za Kibantu. Wapo Wataturu, ndugu zao Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Upande wa Mkalama wapo Wahadzabe, na jirani, katika mkoa wa Dodoma, wapo Wasandawe. Lugha za jamii hizi mbili zina vidoko, yaani sauti zinazopigwa kwa ulimi mdomoni. Ni nchi chache katika bara letu zenye eneo moja lililokusanya ndimi za asili mbalimbali kiasi hicho.

Watu hao wakikutana dukani, kisimani au kwenye foleni ya dawa, husemezana kwa Kiswahili. Na wengi wao, hasa wazee, Kiswahili ni lugha yao ya pili. Mtu anayejifunza lugha ya pili huanza na maneno makubwa: maji, chakula, nauli, bei. Maneno madogo, yale ya kuitikia tu, huyapata mwisho. Lakini ndiyo hayo madogo yanayobeba moyo wa msemaji. Kwa hiyo Mandewa hulazimika kusikiliza kwa makini kuliko sisi tuliozoea kudhani kwamba tumeelewana.

MARAHABA TATU

Anza asubuhi. Watoto wanapita kwenda shule, na kila mkubwa wanayekutana naye wanampa "Shikamoo". Jibu ni moja tu kwa kila mtu: "Marahaba". Lakini sikiliza, ndugu msomaji, jinsi jibu hilo moja linavyokuwa majibu matatu.

Yupo anayesema "Marahaba" huku akiendelea kufunga mzigo kwenye baiskeli yake, hainui uso. Amelipa deni la salamu, basi. Yupo anayesema "Marahabaa", akaivuta sauti mwishoni, kisha akaongeza: "Hujambo, mwanangu? Mama yako ameamkaje?" Huyo amempa mtoto kitu cha kwenda nacho shuleni. Na yupo wa tatu, anayeikata "Marahaba" fupi na kavu, kama mtu anayefunga mlango. Mtoto akisikia hiyo hukaza mwendo, na jioni huuliza nyumbani amemkosea nini mzee yule.

Neno ni lile lile. Ukiliandika karatasini huwezi kuona tofauti. Tofauti imo katika urefu wa sauti, katika jicho, na katika kile kinachofuata au kisichofuata.

KUITWA NA KUITIKA

Kiswahili kina hekima moja ambayo yafaa tuikumbuke. Kinatenga kujibu na kuitika. Mtu hujibu swali, lakini huitika mwito. Ukiitwa jina lako hujaulizwa kitu. Unatakiwa tu useme kwamba upo na umesikia. Kwa kazi hiyo lugha imeweka maneno yake maalumu. Mwanamume huitika "Naam". Mwanamke huitika "Bee" au "Abee". Na pwani utasikia "Labeka", neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa lile wanalolitamka mahujaji waendapo Makka, ambalo maana yake ni kuitika mwito kwa utii wote. Hilo zamani lilikuwa hasa la mdogo kwa mkubwa wake.

Mandewa utasikia "Naam" na "Bee" kwa watoto waliofunzwa hivyo nyumbani na shuleni. Utasikia pia "Ee!" ndefu inayopigwa kutoka nyuma ya nyumba, nayo si utovu wa adabu, bali ni ya mtu aliye mbali na kazi mikononi. Lakini zipo pia zile zinazowaudhi wazazi wa mijini kote nchini: "Eh?" na "Nini?". Hasa hiyo "Nini?". Huko si kuitika. Ni kumrudishia swali aliyekuita, kana kwamba lazima kwanza ajieleze ndipo aonwe kuwa anastahili kusikilizwa.

Wahenga walisema, usikatae wito, kataa neno. Maana yake ni kwamba kwanza itika na uje. Ukisha kusikia uliloitiwa, una haki ya kulikataa. Kwa hiyo kuitika vema si utumwa. Mtu anaweza kusema "Naam, baba", akasimama, akasikiliza, na mwishowe akakataa kwa heshima. Aliyesema "Nini?" amekataa kabla hajajua anakataa nini.

Wala somo hili si la watoto peke yao. Tazama jambo jingine ambalo husikika katika nyumba nyingi za Waswahili: mtoto huita "Mama!", na mama naye huitika "Bee, mwanangu". Mkubwa amemwitikia mdogo kwa neno lile lile la heshima. Mtoto wa nyumba hiyo hahitaji kufundishwa adabu ya kuitika kwa fimbo. Ameisikia ikitumika juu yake. Lakini mtoto ambaye kila akiita hupewa "Mh" ya mtu asiyeinua kichwa, tusishangae akituitikia hivyo hivyo tutakapokuwa wazee.

SOKONI: HAYA, AKA, WAPI

Singida inasifika kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Basi tuseme, ndugu msomaji, umeamua kurudi nyumbani na jogoo. Muuzaji anakutajia bei. Wewe unasema "Mmh!" tu. Hujakataa wala hujakubali. Umeonyesha kwamba bei imekugusa. Naye anajua. "Haya, sema wewe," anakuambia. Unataja nusu. Akicheka na kusema "Aka!", mlango bado u wazi. Akisema "Wapi!", umeshuka mno lakini hajakasirika. Akisema "Thubutu!", ujue umemdharau, yafaa urudi kwenye uungwana. Na akisema "Ng'o!", tafuta jogoo mwingine.

Mkishaongea vya kutosha, atashusha pumzi na kusema, "Haya basi, mchukue." Linganisha "haya" hiyo na ile ya mwanzo. Ya mwanzo ilikuwa ya kukukaribisha uwanjani. Ya mwisho ni ya mtu anayekubali kwa nusu ya moyo, naye anataka ujue hivyo.

Lakini jihadhari na kitu kimoja ambacho hata neno si neno: msonyo. Mnunuzi asiyeridhika akaguna, hilo lasameheka. Akisonya, amemtukana muuzaji, bidhaa yake na safari yake ya alfajiri kutoka kijijini. Msonyo hauna herufi hata moja, lakini umevunja suhuba nyingi.

Mambo ni hayo hayo kwa kukubali na kukataa kwa jumla. "Ndiyo" ni thabiti. "Naam" ina heshima zaidi. "Ehe" humwambia msemaji aendelee. "Hewala" ni ya mtu aliyeridhia kwa furaha. "Sawa" huweza kuwa mapatano, na huweza kuwa kuchoka. Kwa upande wa pili, "Hapana", ukiichambua, yasema tu kwamba mahali hapo hakuna kitu. Ni kukataa kwa upole. "La" ni kali zaidi, na "La hasha" hufunga mjadala. Asemaye kwamba Kiswahili kina neno moja la kukubali na moja la kukataa hajawahi kununua jogoo.

SAUTI IPANDAYO NA ISHUKAYO

Wataalamu wa lugha hutueleza kwamba Kinyaturu, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutenga maana. Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za jamii hiyo zilizoacha jambo hilo. Sisi tunatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Lakini angalia maneno yetu madogo kabisa. "Mh" ya chini na fupi ni mashaka. "Mmh?" inayopanda ni "Unasemaje?". "Mhm" inayoshuka taratibu ni kukubali. Kumbe kile tulichokiacha katika maneno makubwa tumekibakiza katika madogo!

Ili tusidhani kwamba mambo haya ni ya kwetu tu, tuvuke bahari mpaka China. Watanzania na Wachina wana historia ndefu ya kufanya kazi bega kwa bega. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na maelfu kwa maelfu ya Wachina walifanya kazi humo pamoja na vijana wa Tanzania na Zambia. Na leo mwanafunzi kutoka Mandewa hana haja ya kwenda Beijing kukisoma Kichina. Mwaka 2013 ilifunguliwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Dodoma.

Kichina cha Mandarin kina sauti nne za msingi. Silabi "ma" kwa sauti moja ni mama, kwa ya pili ni katani, kwa ya tatu ni farasi, na kwa ya nne ni kutukana. Mgeni husikia hayo akaogopa. Lakini mpeleke kwenye maneno ya kuitikia, naye atajiona yuko nyumbani. Mchina husema "en", neno linalotokea puani karibu sawa na "mh" yetu. Likipanda, anauliza ulichosema. Likishuka na kupanda tena, ameshangaa au ana mashaka. Likishuka moja kwa moja, amekubali. Vivyo hivyo "o": ikipanda, ni "Kweli hiyo?", ikishuka, ni "Ahaa, sasa nimeelewa."

Yupo pia "hao". Maana yake ni "nzuri", na hutumika kukubali jambo kama sisi tunavyosema "haya" au "vyema". Lakini wakiongeza kijineno kimoja, wakasema "hao ba", ule ukunjufu hupungua. Sasa ni mtu anayekubali kwa kuwa hana la kufanya. Je, hiyo si ile "Haya basi" ya muuzaji wa jogoo? Na Kichina hakina neno moja linalolingana hasa na "ndiyo" yetu. Ukimwuliza Mchina "Unakwenda?", hujibu kwa kitendo chenyewe: "Nakwenda." Bibi wa Mandewa ukimwuliza "Umekula?", atakujibu "Nimekula", wala hatakuambia "Ndiyo" tupu, kwa sababu kurudia kitendo ni kuonyesha kwamba umelisikia swali lote.

HAYA YA MGONJWA

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye jambo lenye uzito. Pengine wasema moyoni kwamba haya ni mambo ya kuchezea maneno. Sivyo.

Fikiria mama mzee aliyetoka kijijini, amepewa dawa katika zahanati yoyote ya nchi yetu. Kiswahili chake ni cha kuombea maji na kuulizia nauli. Kijana anayempa dawa ana foleni ndefu mlangoni. "Vidonge viwili, kutwa mara tatu, baada ya kula, usiache mpaka viishe. Umeelewa, bibi?" Naye bibi hujibu kwa upole: "Haya, mwanangu."

"Haya" hiyo ina maana gani? Yaweza kuwa ameelewa. Yaweza pia kuwa amesikia sauti yako, anakuheshimu kwa kazi yako, anaona watu wanasubiri, hataki kukusumbua. Ni neno la adabu, wala si hati ya kuthibitisha kwamba ameelewa. Akifika nyumbani na kumeza vidonge vyote sita kwa mara moja, au akaviacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, atakayelaumiwa ni yeye: "Lakini alisema haya!"

Dawa ya jambo hilo wauguzi wenye uzoefu wanaijua, nayo haigharimu kitu. Usiulize "Umeelewa?", maana swali hilo huita "haya" tu. Sema, "Bibi, hebu nieleze, ukifika nyumbani utazinywaje?" Hapo atajibu kwa kitendo, na wewe utajua. Na ikiwa umemsindikiza mzazi wako hospitali, usimwache na "haya" yake peke yake; mwulize kwa lugha yake mkiwa bado mlangoni.

Jambo hilo hilo hutokea kwenye mikutano. Mwenyekiti huuliza, "Tumekubaliana?" Watu huguna "Mmmm", na katibu huandika kwamba wote wameafiki. Mwezi ukipita, mchango haukutolewa, mtaro haukuchimbwa, na viongozi hushangaa. Mguno ule ulikuwa umekwisha sema kila kitu siku ile ile, lakini hakuna aliyeusikiliza. Tena hutokea nyumbani. Baba mwenye nyumba, mkeo akikuambia "Sawa" mara ya tatu kwa sauti ile ile, usilale ukidhani kwamba shauri limekwisha.

NENO LISILO NA SAUTI

Siku hizi kuna hatari nyingine ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Neno dogo limeingia kwenye simu, na humo sauti yake imepotea. Mama aliye Mandewa anamwandikia mwanawe aliye kiwandani Dar es Salaam kwamba mguu unamsumbua tena na usiku halali. Kijana yuko kwenye daladala, amechoka, anabonyeza "Sawa". Yeye amekusudia kusema, "Nimesoma, mama, nitashughulikia." Lakini mama hakuisikia sauti yake. Amesoma herufi nne, akaziona kama mlango uliofungwa, na usiku huo anaumwa mguu na moyo pamoja.

Hata vijana wa China wamelibaini hilo. Katika ujumbe wa simu, "en" moja huonekana baridi. Kwa hiyo huandika "en en" ili mwenzao asihisi kwamba amepuuzwa. Wamejaribu kurudisha kwa herufi kile kilichokuwa kazi ya sauti. Sisi tunayo njia iliyo bora zaidi: kuongeza jina na kitendo. "Sawa, mama, nimesikia, nitakupigia jioni." Na ikifika jioni, piga, umwache asikie mwenyewe "Naam" yako ikoje.

Katika utamaduni wetu msikilizaji hakuwahi kuwa mtu wa kukaa tu. Msimuliaji husema "Paukwa!", na haanzi mpaka aitikiwe "Pakawa!". Mtegaji wa kitendawili hulazimika kungoja "Tega!". Na katikati ya hadithi yeyote yule asiposema "Enhe", hadithi hufa mdomoni. Wazee waliamini kwamba maneno ni mali ya watu wawili, na kwamba aitikaye ana nusu yake.

Basi ukibahatika kufika Singida, tazama mawe, tazama maziwa, nunua asali na jogoo wako. Kisha pata saa moja, ukae kwenye kibaraza cha duka Mandewa, usikilize watu wa lugha mbalimbali wakitafutana kwa "ehe", "mh" na "haya". Hawadhani kwamba wameelewana. Huuliza tena, hurudia, hungojana. Ukirudi nyumbani kwako, mjini ambako sote twajiona tunakijua Kiswahili, jaribu kufanya hivyo kwa siku moja. Mtoto wako akikuita, itika. Mzee wako akisema "haya", mwulize tena. Huenda ukayasikia mengi ambayo yalikuwa yakisemwa hapo nyumbani siku zote.